Ukibonyeza tu imeondoka: maswali yenu kuhusu barua pepe za kwenye kompyuta

Safari hii maswali mengi yamekuja kuhusu kitu kimoja, hizi programu za barua pepe zinazokaa kwenye kompyuta yenyewe kama Outlook, Thunderbird na Mail ya Apple, jinsi zinavyotuma na kupokea kwa saa zao bila kukuuliza. Nimechukua matano. La kwanza nimelijibu kirefu sababu ndilo linalowatesa wengi, mengine nimepita haraka kidogo.

SWALI: Dada habari za kazi. Natumia Outlook ile ya zamani, siyo hii mpya. Shida yangu ni kwamba makosa nayaona nikishabonyeza kutuma, mara faili niliyoambatanisha siyo, mara jina la mtu nimekosea, nikikimbilia kuifuta wapi, imeshaenda. Naweza kuifanya isiondoke hapohapo? Ila zinazoingia nisizizuie, hizo nazihitaji muda wote.

JIBU: Nzuri kaka. Inawezekana, na njia ziko mbili. Kwanza tu ujue kutuma na kupokea ni kazi mbili tofauti kabisa, hata kama Outlook imeziandika kwenye batani moja. Kutuma kunapita kwenye njia inayoitwa SMTP, kupokea kunapita kwenye POP (inayoshusha meseji kwenye kompyuta yako) au IMAP (inayoziacha kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayotunza barua pepe zako), mara nyingi hata seva ni mbili tofauti, kwa hiyo ombi lako halina ugumu wowote, tunabana upande mmoja tu.

Njia ya kwanza: nenda File, halafu Options, halafu Advanced, shuka mpaka sehemu ya kutuma na kupokea, utaona kisanduku kimeandikwa "Send immediately when connected", toa tiki. Kuanzia hapo ukibonyeza kutuma, meseji inakwenda kukaa Outbox, folda ya zinazosubiri kutoka, mpaka ubonyeze F9 (kitufe cha kutuma na kupokea) au mpaka ratiba ifike. Na hapo kwenye ratiba ndipo watu wengi wanapokwama, maana Outlook ina ratiba yake ya kutuma na kupokea, kawaida inakuja ikiwa dakika 30, na ikifika inachukua kila kitu kilichopo Outbox. Sasa ukiandika meseji dakika moja kabla ya ratiba kupiga, umepata dakika moja tu ya kujiuliza, nyingine utapata 29. Haieleweki.

Kurekebisha bonyeza Ctrl+Alt+S kwa pamoja, litafunguka dirisha la makundi ya kutuma na kupokea. Ukihariri kundi, kila akaunti ina tiki yake ya kutuma na tiki yake ya kupokea, ziko mbalimbali, watu wengi hawajawahi kufika huku ndani kabisa. Tengeneza makundi mawili, na lile lililokuwepo tangu mwanzo liondolee ratiba na uliondoe kwenye F9. La kwanza liwe la kupokea tu, mpe ratiba yake ya dakika unazotaka, na uliondoe kwenye F9. La pili liwe la kutuma tu, usilipe ratiba kabisa, ila liache kwenye F9. Ukishamaliza, zinazoingia zinaingia zenyewe na zinazotoka zinasubiri kidole chako. Hii inafaa zaidi kwa akaunti za POP na IMAP, kama akaunti yako ni ya kazini ya Exchange au Microsoft 365 (mifumo ya Microsoft ya barua pepe za maofisi) nenda moja kwa moja njia ya pili.

Njia ya pili ni kuweka sheria, na mimi hii ndiyo naipenda zaidi. Fungua Rules, chagua kutengeneza sheria mpya inayohusu meseji unazotuma wewe, usiweke sharti lolote (itakuuliza kama kweli unataka ihusu kila meseji, kubali), kisha kwenye vitendo chagua kile cha kuchelewesha kwa idadi ya dakika, "defer delivery". Mwisho inakubali dakika 120. Kwako dakika 2 au 3 zinatosha, ukiweka nyingi utaanza kuchoka na siku moja utaizima. Halafu usiruke ukurasa wa mwisho, ule wa kuweka kando baadhi ya meseji: chagua kwamba meseji yenye alama ya umuhimu wa juu isicheleweshwe. Siku una jambo la haraka unaweka ile alama nyekundu na inaondoka saa hiyohiyo. Uzuri wa sheria hii ni kwamba kila meseji inapata dakika zake kamili, haijalishi ratiba iko wapi. Ukikumbuka kosa unaingia Outbox, unaifungua, unarekebisha, unabonyeza kutuma tena.

Sharti lake ni Outlook ibaki wazi, maana sheria hii inafanya kazi ndani ya kompyuta yako. Ukifunga programu huku kuna kitu kinasubiri ndani ya Outbox, Outlook itakuonya, usiipuuze hiyo meseji ya kuonya.

Na tafadhali usitegemee ile huduma ya kuirudisha meseji iliyokwishatumwa, inafanya kazi kwa watu wa taasisi moja walio kwenye mfumo uleule wa Exchange au Microsoft 365, mtu wa nje ukimtumia hairudi. Ukihamia Outlook mpya siku moja, ujue haya makundi ya kutuma na kupokea huko hayapo, utapata tu muda wa kughairi usiozidi sekunde 10, na uwezo wa kupanga saa ya kutuma.

SWALI: Mimi niko kwenye Thunderbird, akaunti ni IMAP. Nimeiambia iangalie meseji mpya kila dakika 60 ili nifanye kazi kwa utulivu lakini bado zinaingia muda wowote, sekunde hii moja, dakika mbili baadaye nyingine. Hiyo 60 inafanya nini sasa?

JIBU: Inafanya kazi yake vizuri tu, ila kuna kitu kingine kinaipita pembeni. IMAP ina nyongeza inaitwa IDLE, ipo kwenye kanuni za intaneti tangu 1997, kazi yake ni kwamba programu yako inabaki imeunganishwa na seva, halafu meseji ikifika seva ndiyo inayoita, haisubiri kuulizwa. Kwa hiyo wewe umepanga saa za kuuliza, lakini seva nayo ina ruhusa ya kusema bila kuulizwa.

Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya seva, palepale chini ya dakika utaona tiki nyingine, "Allow immediate server notifications when new messages arrive". Itoe. Toa kwenye kila akaunti uliyonayo, maana kila moja ina yake, ukiiacha kwenye akaunti moja tu utafikiri nimekudanganya. Juu yake kuna tiki ya kuangalia meseji programu ikifunguka, hiyo amua mwenyewe. Baada ya hapo 60 itakuwa 60 kweli, na ukitaka kabla ya muda kuna batani ya kuchukua meseji.

Wenye Exchange kwenye Outlook nao wanaulizaga hilihili, kwao ratiba haizuii zinazoingia sababu mfumo wenyewe ni wa kusukuma meseji kwako, dawa ni kubonyeza "Work Offline" kwenye kichupo cha Send/Receive na kuitoa ukimaliza. Ila kumbuka ukiwa hivyo hata zako hazitoki.

Na nakuunga mkono kabisa kwenye hilo la utulivu. Mwaka 2015 watafiti Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn walichapisha utafiti wa watu wazima 124, wiki moja waliambiwa wafungue barua pepe mara 3 tu kwa siku, wiki nyingine wafungue mara nyingi wanavyotaka, na wiki ile ya mara 3 msongo wa mawazo ulikuwa mdogo. Kwa hiyo usiruhusu mtu akwambie unajitenga.

SWALI: Shikamoo. Tuna anwani moja ya ofisi tunaitumia watu wawili kwenye kompyuta mbili, tumeunganisha kwa POP, kila moja inaangalia kila dakika 1 ili tusipitwe. Mara kwa mara inaleta ujumbe kwamba kisanduku kinatumika, au inaomba paswedi wakati paswedi ni ileile. Tatizo ni paswedi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapana, paswedi iacheni kabisa. POP kwa kanuni zake, zile za 1996, inafunga kisanduku kwa yule aliyeingia kwanza, mwingine akija kabla hajatoka anakataliwa, na programu nyingi zikikataliwa zinadhani paswedi ni mbaya ndio zinaanza kuiomba. Sasa nyinyi mnagonga kila dakika, kompyuta mbili, ikitokea mmoja anashusha faili kubwa linalochukua dakika 4 basi mwenzake anakataliwa mara zote hizo.

Na kuna hali mbaya zaidi. Intaneti ikikatika katikati, programu haijaaga vizuri, seva inaweza kuendelea kushikilia ile kufuli, kanuni inasema seva isimtoe mtu aliyenyamaza kabla ya angalau dakika 10. Tena meseji alizopanga kufuta hazifutwi mpaka aage, ndio maana wakati mwingine mnaziona zilezile zimeshuka mara ya pili.

Mkiongeza iwe dakika 15 mtapunguza kero, lakini jibu la kweli ni kuhamia IMAP, yenyewe inaruhusu watu wengi kuwa ndani kwa wakati mmoja na nyote mtaona kilichosomwa na kilichojibiwa. Kabla ya kuhama hakikisheni kila kompyuta imenakili meseji zake mahali salama, sababu huenda POP ilishazifuta kwenye seva na zimebaki huko kwenye kompyuta tu.

SWALI: Natumia Mail ya Apple, nilipanga meseji iondoke saa 12 asubuhi, nikafunga laptop nikalala. Naamka saa 2 haijaenda! Kwanini sasa?

JIBU: Sababu laptop nayo ilikuwa imelala. Kupanga saa ya kutuma kwenye Mail kulianza na macOS Ventura mwaka 2022, na inayotuma ni kompyuta yako, kwa hiyo muda ukifika inatakiwa iwe imewaka na ina intaneti. Outlook ya zamani kwa akaunti za POP na IMAP ni hivyohivyo. Thunderbird kwa Ctrl+Shift+Enter inaiweka meseji Outbox tu, haina saa mpaka uongeze kiendelezi kinachoitwa Send Later, na bado programu iwe wazi. Kama unataka kulala kwa amani, panga ukiwa kwenye Gmail ya brauza au Outlook ya brauza, huko meseji inasubiri kwenye seva na wewe unaweza kuzima kila kitu.

SWALI: Meseji imekwama Outbox ya Outlook siku ya pili, nabonyeza F9 mpaka kidole kinauma. Nyingine zinaenda.

JIBU: Angalia maandishi yake. Meseji iliyo tayari kuondoka inaonekana kwa herufi za kulala, kama hii yako imesimama wima maana yake uliifungua ukiwa Outbox ukaifunga bila kubonyeza kutuma, basi Outlook inaichukulia kama bado unaiandika. Ifungue, bonyeza kutuma, usiiguse tena. Ikiwa imelala na bado haiendi, tazama ukubwa wa ulichoambatanisha, seva nyingi zinakataa vinavyozidi megabaiti 20 au 25, hapo ingia "Work Offline" kwanza ili iache kujaribu, ifungue utoe hilo faili, kisha urudi hewani na uitume.