Pini kuingia haimaanishi chaja ni ya betri yako

Juzi nimepata meseji ya msomaji wa Mwanza, kijana anapeleka chakula kwa wateja na baiskeli ya umeme ya volti 48. Anasema chaja yake ya amp 2 ilikuwa inamchelewesha, akanunua ya amp 5, sasa pini inapata moto mpaka plastiki inanuka, anauliza kama kauziwa chaja mbovu. Nikamwambia mdogo wangu, chaja inaweza kuwa nzima kabisa, kinachozidiwa hapo ni pini. Na kwa vile wengi wetu humu tunataka chaja ya haraka turudi barabarani, nikaona bora niandike.

Ile pini yake ni ya duara, upana wa nje milimita 5.5. Watu hawajui kwamba ziko za aina mbili zinazofanana kwa macho, tundu la katikati moja ni milimita 2.1 na nyingine 2.5. Ukichukua plagi ya 2.5 ukaichomeka kwenye betri yenye sindano ya 2.1 inaingia vizuri tu, na chaja inawaka taa, ila ndani inacheza haijabana. Pale inapocheza ndipo joto linapoanzia. Na joto la pini haliongezeki kidogo kidogo, ukizidisha amp mara mbili joto linakuwa mara nne, ndo maana pini iliyovumilia amp 2 mwaka mzima inaweza kuyeyuka ukiiletea 5.

Mi haya mambo nimeyajulia kazini. Kuna bosi mmoja hapa Dar alikuwa na baiskeli za kusambaza mizigo, vijana wanarudi jioni wanachaji chumba kimoja, mimi ndo fundi wao. Betri zilikuwa za volti 36 na za volti 48 zimechanganyika, na chaja zote pini moja ya duara. Sasa chaja ya 48 inatoa volti 54.6 na betri ya 36 ikijaa inatakiwa iishie 42, tofauti kubwa sana hiyo. Kijana amechoka, giza, anachukua chaja iliyo karibu anachomeka. Mara kadhaa nimekuta imeshafanyika hivyo, na kilichookoa ni BMS, yaani saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, kukata umeme yenyewe. BMS ni ulinzi wa mwisho, siyo kitu cha kukitegemea kila jioni.

Nikamwambia bosi tubadilishe, betri za 36 ziwe na plagi yake na za 48 plagi yake, zisiingiliane hata mtu akifumba macho. Akaniambia mbele ya vijana kwamba nataka kumuuzia plagi. Iliniuma sana, nisiseme uongo, maana plagi zenyewe bei yake ni ndogo na mimi nilikuwa nawaza wale vijana wengine wanalala palepale. Baadaye plagi moja ikayeyuka ikashikana na betri, moshi chumba kizima, ndo akaniita. Nikabadilisha zote, za 48 nikaweka plagi aina ya XT60, za 36 nikaweka plagi aina ya Anderson, na toka siku ile haijatokea tena chaja kwenda betri siyo yake. Nikaja kusikia anawaambia watu wazo lilikuwa la fundi mwingine. Sawa, ila kazi ile ni yangu na najivunia.

Kwa nini XT60? Umbo lake upande mmoja limekatwa kona, huwezi kugeuza chanya na hasi, na amp 5 au 10 za chaja haizioni. Shida inabana sana, ukiwa na mikono yenye jasho kuchomoa ni kazi, na usivute waya, shika plagi yenyewe. Anderson ni laini zaidi kwa mtu anayechomeka kila siku, chuma zake zinasuguana kila ukichomeka kwa hiyo zinajisafisha, ila nyumba zake mbili, yaani vile vipande vya plastiki vinavyobeba chuma, uzipange vizuri mwanzoni, ukizigeuza umegeuza umeme.

Upande wa betri weka jike siku zote. Betri ina umeme muda wote hata imelala kabatini, sasa ukiacha pini dume zimechomoza, funguo au mnyororo ukigusa pale ni shoti, na betri ya lithiamu ikipiga shoti haina huruma.

Kuna nyingine inanitisha kuliko zote, zile skuta na baiskeli za betri za asidi zenye tundu la pini tatu kama la waya wa kompyuta. Waya uleule wa jiko la wali! Mtoto au mgeni anaona tundu, anachukua waya wa nyumbani, anachomeka ukutani, volti 230 moja kwa moja kwenye betri. Kama yako iko hivyo toa, leo, usisubiri mwisho wa mwezi. Vijana wenzangu tunapenda kununua taa na spika za baiskeli, halafu kitu kinachoweza kuchoma nyumba tunakiwekea cha bei rahisi kuliko vyote, tubadilike.

Sasa wewe wa Mwanza, ukiwa na chaja ya amp 2 baki na pini ya duara ila iwe saizi yake. Kwa amp 5 weka XT60 pande zote mbili. Upande wa betri iunge kwenye waya wa tundu la chaji, usihamishie kwenye waya unaokwenda mota, betri nyingi ulinzi wa kujaza kupita kiasi uko kwenye njia ya chaji tu. Unapochomelea lehemu, plagi iwe imeunganishwa na mwenzake ili pini zisipinde plastiki ikilainika. Kabla ya kuchomeka pima na mita, uone chaja inatoa 54.6 na chanya iko kwa chanya. Chaji ya kwanza kaa nayo, baada ya nusu saa shika plagi, ikiwa vuguvugu endelea, ikikuunguza chomoa urudie lehemu.