Kioo cha nyuma kimevunjwa na una bima kubwa: jibu langu kwa mleta mada wa Area C

Mkuu mleta mada, nimesoma swali lako na majibu yote yaliyofuata. Umesema umekuta kioo cha nyuma cha gari lako kimevunjwa usiku hapo Area C, laptop imeondoka, una bima kubwa (ile inayolinda hata gari lako mwenyewe), na unataka kujua kama kampuni italipa au uingie mfukoni tu. Mmoja kakujibu "bima Bongo hailipi". Mwingine kasema vioo havimo kwenye bima kabisa. Hakuna aliyekuuliza mkataba wako unasema nini kuhusu vioo, na jibu lote liko hapo. Mimi jambo hili limenikuta hapahapa Dodoma, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo. Mwenye haraka apite.

Bima kubwa inalipa kioo cha nyuma. Ila kuna njia mbili za kulipwa, na ukiingizwa kwenye ile isiyo yako unaweza kuondoka na sehemu ndogo tu ya pesa uliyotegemea.

Njia ya kwanza ni ile ya uharibifu wa gari kwa ujumla. Kioo ni sehemu ya gari kama ilivyo taa au bampa, kwa hiyo kikivunjika kwa ajali au kwa mwizi kinaingia humo. Tatizo la njia hii ni ekses, yaani kile kiasi unachobeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kutoa chake. Mikataba mingi inaandika asilimia fulani ya hasara na kiwango cha chini kisichopungua. Wangu ulisema asilimia 10, isipungue shilingi 200,000. Sasa fikiria kioo na ufundi ni 300,000. Asilimia 10 ni 30,000, lakini kwa kuwa kuna kiwango cha chini, unabeba 200,000 na kampuni inakupa 100,000. Kwa laki moja hiyo umejaza fomu, umesubiri asesa, yaani mkaguzi wa hasara wa bima, na mwaka unaofuata punguzo la ada unalopewa kwa kutodai limeondoka. Mimi nisingesumbuka.

Njia ya pili ni kipengele cha vioo. Hiki ni kipande kidogo kinachokaa nyuma ya mkataba, kwenye kurasa za nyongeza ambazo wengi hatuzifungui. Kina kikomo chake cha pesa, na katika mikataba mingi kinalipwa bila ekses na bila kugusa punguzo. Hapo ndipo maneno yanakuwa pesa, kwa sababu kuna mikataba inayosema "kioo cha mbele" basi, na kuna inayosema "kioo cha mbele na vioo vya madirisha". Wa kwanza haukuhusu. Wa pili kioo cha nyuma kimo.

Langu lilitokea wakati wa kifuku, majani yamepanda kila mahali. Niliegesha nje ya ofisi upande wa Makole, vijana wa usafi wakawa wanafyeka ukingo wa barabara kwa zile mashine za kuvaa begani. Mashine ilirusha kokoto, na kioo chote cha nyuma kikamwagika kwenye buti. Msimamizi wao alikuja, akapiga simu mbili tatu, akatoa noti kadhaa, akaomba tuandikiane kwamba tumemalizana. Nilikataa, na hapa naomba wote msikilize vizuri. Kampuni ya bima ikikulipa, haki ya kumdai aliyesababisha hasara inahamia kwao. Ukishasaini na mhusika kwamba humdai tena, umewanyang'anya haki hiyo, na wana sababu halali ya kukukatalia. Chukua jina, namba ya simu, jina la mwajiri wake na picha za eneo. Usisaini chochote.

Nikampigia wakala wangu palepale, kisha nikaenda ofisi ya kampuni. Dada wa dawati la madai alinipokea vizuri tu, akanipa fomu, halafu akaniambia kwa upole kwamba nitachangia ekses ya laki mbili. Nikamwomba tufungue mkataba pamoja. Akafungua ukurasa wa mbele, ule wenye jina langu na namba ya gari. Nikamwomba twende kurasa za nyongeza. Tulipofika kwenye vioo, maneno yalikuwa wazi kwamba kioo chochote cha gari kikivunjika peke yake, bila sehemu nyingine ya gari kuharibika, kinalipwa hadi kikomo kilichoandikwa na ekses haihusiki. Akaenda kuuliza ndani, akarudi, akafuta kwa kalamu kile alichokuwa ameandika. Sidhani alitaka kunidhulumu. Nadhani madai ya vioo anayopokea karibu yote ni ya kioo cha mbele, kwa hiyo cha nyuma alikiweka kwenye fungu la ajali kwa mazoea. Lakini laki mbili ingekuwa yangu, si yake.

Angalia pia hilo sharti la "peke yake". Kama mwizi wako amekunja na mlango wa buti, au amechana rangi akitumia chuma, kampuni ina haki ya kusema hili si suala la kioo tena, ni uharibifu wa gari, na ekses inarudi. Asesa akija atatazama hilo kwanza.

Jirani yangu wa Kisasa alikuwa na bima ya kampuni nyingine, gari la thamani ileile, ada karibu sawa na yangu. Wakati nakata ilikuwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari pamoja na VAT, maana yake gari la milioni 15 linatoa 525,000, ukiongeza VAT ya asilimia 18 inafika 619,500. Pesa ileile, lakini mkataba wake uliandika kioo cha mbele tu. Mwaka uliofuata alimwambia wakala aongeze vioo vyote na ikaandikwa. Kwa hiyo wanaochagua kampuni kwa kufuata nani kapunguza elfu kumi, sijui niwaambie nini.

Wenye bima ndogo, thadi pati, msijisumbue. Hiyo inamlinda uliyemgonga wewe, kioo chako hakiijui. Lakini geuza upande: kama kuna gari limekurudia kinyumenyume likakuvunjia kioo, basi wewe ndiye mtu wa tatu, na unadai kwenye bima ya huyo aliyekugonga. Chukua namba ya gari, ingia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, mtandaoni, andika namba hiyo, utaona kama bima yake iko hai na ni ya kampuni gani. Inachukua dakika chache na haina gharama. Mwite trafiki apime, maana bila taarifa ya polisi inayosema nani ana kosa, hiyo kampuni haitakusikiliza. Fuso la mahindi la Kibaigwa likikurushia jiwe barabarani ni habari nyingine. Kuthibitisha jiwe limetoka tairi gani ni kazi ngumu, tumia bima yako tu.

Turudi kwako mkuu. Lako ni la wizi, kwa hiyo kabla ya yote nenda kituo cha polisi ukafungue RB, yaani namba ya taarifa yako polisi. Eleza yote mawili, kioo na laptop, hata kama laptop bima ya gari haitakulipa. Na haitakulipa, niliseme mapema usije ukategemea: bima ya gari inalinda gari na vifaa vilivyofungwa humo, mzigo wako binafsi kwa kawaida haumo, isipokuwa kama ulilipia nyongeza yake. Redio iliyong'olewa inaweza kuwa hoja, hasa kama uliitaja wakati wa kukata bima. Laptop ya kazini mwulize mwajiri wako, pengine ofisi ina bima ya vifaa vyake.

Halafu usitengeneze kwanza. Najua ilivyo kukaa Dodoma na gari halina kioo nyuma, vumbi lote la Nkuhungu linalala kwenye viti. Ziba kwa nailoni nzito na gundi ya karatasi, ile isiyochubua rangi, na ukiendesha fungua madirisha ya mbele kidogo kwa sababu moshi wa ekzosi unavutwa kuingia nyuma. Lakini subiri kampuni ikague au ikuandikie kwamba endelea. Kwa madai madogo ya kioo wengine wanakubali picha tu pamoja na proforma ya fundi, yaani karatasi ya makadirio ya bei, hawatumi asesa. Waombe wakuthibitishie kwa maandishi, hata meseji inatosha. Gharama uliyoitoa kabla ya ruhusa yao ndiyo rahisi kuliko zote kukatwa.

Kuhusu kioo chenyewe, hapa ndipo watu wanapigwa. Kioo cha mbele ni tabaka mbili zilizobanwa na utando wa plastiki katikati, ndiyo maana kikipigwa jiwe kinabaki na ufa, na ufa mdogo fundi anaweza kuuziba. Cha nyuma kwenye magari yetu mengi ni tabaka moja lililopashwa joto kali na kupozwa ghafla. Hicho hakipati ufa, kikipata nguvu ya kutosha kinasambaratika chote vipande vidogo kama chumvi ya mawe. Hakuna kuziba. Kwa hiyo mtu wa bima akikuambia "tafuta fundi akirekebishe", mwambie kwa heshima kwamba hicho kinabadilishwa tu.

Na proforma iandikwe kwa ukamilifu. Kioo cha nyuma kina ile mistari myembamba ya kuondoa ukungu, kwenye magari mengine mistari hiyohiyo ndiyo antena ya redio. Kina sehemu ya wapa kama gari lako ni la buti la kupanda juu. Na magari mengi kutoka Japani kioo cha nyuma ni cheusi chenyewe, weusi uko ndani ya kioo, si karatasi iliyobandikwa. Fundi akiandika "kioo cha nyuma" basi, kampuni inakadiria kioo cheupe kitupu, na ukikifunga unabaki na dirisha moja jeupe kati ya meusi, redio inakoroma. Andika yote: mistari, antena, tundu la wapa, rangi, gundi, raba na ufundi. Tinti uliyobandika mwenyewe mtaani usiitegemee, kwa kawaida hailipwi kama hukuitaja.

Dodoma vioo vya nyuma vya magari yasiyo maarufu havipatikani kirahisi. IST utapata. Gari la ajabuajabu utaagiza cha mtumba Dar, Ilala au Kariakoo, kije kwa basi, na mwenye mzigo ni wewe kikivunjika njiani. Uliza kampuni kama nauli ya mzigo inaingia kwenye kikomo. Yangu iliingia kwa sababu ilikuwa kwenye proforma tangu mwanzo.

Siku ya kufunga, muulize fundi anatumia gundi gani. Vioo vingi vya kisasa vinashikwa na gundi maalumu ya vioo vya magari, silikoni ya kuzibia sinki haihusiki hapa, na wapo wanaoitumia. Kabla ya kupaka, vumbi la kioo cha zamani lifutwe na mabaki ya gundi yakatwe vizuri, vinginevyo mvua ya kwanza utakuta maji chini ya tairi la akiba. Siku hiyo usibamize mlango wakati vioo vya madirisha yote vimefungwa, hewa ya ndani inasukuma kioo kabla gundi haijashika. Mwambie pia ajaribu taa ya breki ya juu na mistari ya ukungu kabla hujasaini kwamba kazi imekamilika.

Wakikukatalia, omba barua inayotaja kipengele walichotumia. Wakishindwa kuandika sababu, mara nyingi wanarudi kuangalia upya. Ukibaki hujaridhika, andika malalamiko rasmi kwa kampuni, na ikishindikana kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima na kuna TIRA yenyewe, ambayo makao makuu yake yako hapahapa mjini, huna haja ya kupanda treni ya kwenda Dar. Mimi sikufika huko. Kwa kioo kimoja sidhani utafika.

Piga picha ukurasa wa vioo na ule wa ekses, ficha jina na namba ya gari, uweke hapa chini. Nitakuambia uko njia ipi. Na kama vile vipande bado viko kwenye buti, usivifagie kabla hujavipiga picha pamoja na jiwe au chuma kilichotumika, kama kipo.