Maswali na Majibu ya Mifugo: Farasi bingwa amepitwa, je, ndio astaafu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa Ujiji, huu ni mwaka wangu wa tatu huku Ghuba, kazi yangu ni saisi kwenye zizi la farasi wa mbio. Tuna dume wa miaka 5, msimu uliopita hakupitwa hata mara moja. Juzi aliongoza hadi zikabaki kama mita 300, akaanza kukoroma kooni, akapoa kama gari lililokata mafuta, akaingia wa saba kati ya tisa. Kesho yake alikula vizuri na hachechemei. Tajiri anasema kavunjika moyo, astaafu aende kupandisha majike. Mwalimu wake anasema magoti yamechoka, apigwe sindano za magoti arudi uwanjani baada ya wiki tatu. Wazee wa zizini wanataka achomwe chuma cha moto miguuni. Bingwa anatakiwa kustaafu lini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako limenikuta Tabora, ambako farasi hata wa kumtazama ni shida, mbung'o walishatuamulia hilo zamani. Ninachokijua cha farasi wa mbio nilikipata Nairobi, nilipokuwa nikihudumia mazizi yanayopeleka farasi uwanja wa Ngong. Lakini ugomvi mlio nao hapo naufahamu vizuri mno, kwa sababu nauamua kila wiki hapa kwa punda na maksai: mnyama kapunguza kazi, watu watatu wana dawa tatu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza anaumwa nini.

Farasi hachechemei. Kakoroma kooni, kakata pumzi mita 300 za mwisho. Halafu mtu anataka kumchoma sindano za magoti! Koo na goti wapi na wapi?

Mkoromo unaoanza ghafla kwenye mbio kali mara nyingi ni kaakaa laini. Farasi hapumui kwa mdomo, anategemea pua tu, na kaakaa lake laini hukaa chini ya kidakatonge, kile kifuniko cha njia ya hewa kooni. Likiteleza likapanda juu yake, linaziba njia na kupepea kila anapotoa pumzi, ndio mlio uliousikia. Hewa ikipungua, mwendo unakufa. Akimeza, kaakaa linarudi mahali pake, na baada ya dakika chache huoni dalili yoyote. Ndiyo maana kamera ya kupitisha puani akiwa amesimama bandani inaweza isionyeshe kitu. Kinachotakiwa ni ile kamera inayofungwa kichwani ikamrekodi akiwa anapiga shoti, mpandaji juu yake, kwenye mwendo uleule uliomshinda. Ikithibitika, kuna mengi ya kufanya kabla ya kutaja kustaafu: kutibu maambukizi ya koo kama yapo, kubadilisha lijamu (kile chuma cha kinywani), kumfunga ulimi, na kwa wengine upasuaji wa kusogeza zoloto, yaani sanduku la sauti, mbele.

Mshukiwa wa pili ni moyo. Katikati ya mbio vyumba vya juu vya moyo vinaweza kuanza kutetema badala ya kusukuma damu, na farasi aliyekuwa anaongoza akaishiwa hapo hapo. Mara nyingi mapigo hurudi yenyewe ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo daktari anayeitwa siku ya tatu husikia moyo safi na kusema hakuna tatizo. Wa tatu ni kuvuja damu mapafuni. Hapa wenye farasi huangalia pua, wakaona kavu, wakaridhika, wakati wengi wanaovuja hawatoi hata tone puani. Kamera inatakiwa ipitishwe kwenye bomba la hewa dakika 30 hadi 90 baada ya mbio. Kwenu hilo limeshapita. Mbio zijazo msiliache.

Wewe ndiye unayelala karibu naye, kwa hiyo nikupe kazi. Asubuhi kabla hajapewa chakula, weka vidole viwili ndani ya mfupa wa taya upate mshipa, uhesabu dakika nzima, si robo dakika mara nne. Akiwa ametulia awe kati ya 28 na 44. Namba peke yake hainitoshi, nataka na mpangilio. Farasi aliyefunzwa vizuri huweza kuruka pigo moja kila baada ya matatu au manne, na akianza kutembea linapotea. Hilo lisikutie hofu. Mapigo yasiyo na utaratibu wowote, moja karibu, jingine mbali, ndiyo ya kumwita daktari saa hiyo hiyo.

Ukimaliza, shuka kwenye miguu ya mbele. Pitisha mgongo wa kiganja nyuma ya mguu kuanzia chini ya goti hadi kifundo, kushoto kisha kulia, ukilinganisha joto. Halafu unyanyue mguu, kano ikilegea uibane kwa kidole gumba na cha shahada, ushuke nayo kidogo kidogo. Akivuta mguu pale pale kila ukifika, hapo pana neno, hata kama anatembea bila kasoro. Andika tarehe na sehemu. Daftari la namna hiyo litamsaidia daktari kuliko hadithi ya zizi zima.

Sasa hilo la kuvunjika moyo. Farasi anaweza kuchoka na mazoezi, anaweza kuchukia lijamu inayomuumiza, lakini hakai bandani akiwaza kwamba ubingwa umekwenda. Secretariat wa Marekani aliingia wa tatu kwenye mbio za Wood Memorial mwezi Aprili 1973, akiwa na jipu mdomoni. Wiki mbili baadaye alishinda Kentucky Derby kwa dakika 1 na sekunde 59.4, na muda huo haujavunjwa mpaka leo. Angestaafishwa kwa sababu ya lile jipu? Treve, jike wa Ufaransa, alipitwa mara tatu mwaka 2014. Alikuwa na matatizo ya mgongo na kwato, watu wakasema kaisha, na Oktoba mwaka huo huo akachukua Arc, zile mbio kubwa za Paris, kwa mara ya pili. Kilichobadilika ni kwamba walio karibu naye walitafuta panapouma.

Na upande wa pili upo. Nijinsky, aliyefunzwa Ireland, aliugua choa Agosti 1970. Oktoba 4 akapitwa kwa kichwa tu kwenye Arc, na tarehe 17 ya mwezi huo huo wakampeleka tena uwanjani Newmarket, akapitwa tena na farasi ambaye kwa kawaida asingemsumbua. Hakukimbia tena. Mwalimu wenu na wiki zake tatu amfikirie huyo.

Tuje kwenye sindano, maana hapa ndipo ninapokosa uvumilivu. Dawa wanayotaka kumpiga, kotikosteroidi, inapunguza uvimbe na maumivu ndani ya kiungo. Ina mahali pake: kiungo kimechunguzwa, kimepigwa eksirei, daktari anajua anachotibu, na farasi anapewa mapumziko baada yake. Kwa kanuni za sasa za Marekani, farasi aliyechomwa ndani ya kiungo haruhusiwi kukimbia mbio kwa siku 14, wala kufanya mazoezi ya kupimwa muda kwa siku 7. Sababu iko wazi. Gegedu lililolika halirudi kwa sindano na ufa wa mfupa hauzibwi. Kinachoondoka ni maumivu, na maumivu ndiyo yanayomfanya farasi apunguze uzito kwenye mguu mbovu. Ukiyaondoa, kilo karibu 500 zinakanyaga penye ufa kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Tena sindano ikiingia na uchafu kwenye kiungo, usaha wa humo ndani unaweza kummaliza farasi ambaye alfajiri ile hakuwa na tatizo la goti kabisa.

Watu huona mguu unavunjika mbele ya jukwaa wakadhani ni ajali ya siku ile. California walianza mwaka 1990 kuchunguza mizoga ya farasi wanaofia viwanjani, na kitu kinachojirudia ni kwamba pale palipovunjika mara nyingi palikuwa pameanza kuumia zamani. Mfupa unaobebeshwa kasi kila siku hupata nyufa ndogo, mwili huchimba sehemu mbovu kwanza ndipo ujaze mfupa mpya, na kujaza kunachukua miezi. Hapo katikati mfupa ni dhaifu kuliko unavyoonekana. Kwa hiyo hata farasi aliyetoka mapumzikoni akiwa kanenepa na ana hamu ya kukimbia hapewi kasi wiki ya kwanza. Hilo nalo walimu wengi hawataki kulisikia.

Wazee wa chuma nao niwajibu kwa kifupi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walitoa matokeo yao mwaka 1983: kuchoma hakuponyi kano. Farasi aliyechomwa "akapona" alipona kwa ile miezi aliyoachwa apumzike kwa sababu ya kidonda. Mngempa miezi hiyo bila kumchoma.

Umeniuliza lini, nami sikukwepi. Miaka 5 si uzee, farasi wa mbio wengi hufikia kilele cha kasi kati ya miaka 4 na 5. Nitasema astaafu kipimo cha ultrasaundi kikionyesha kano kubwa ya nyuma ya mguu imechanika sana, kwa sababu hujitengeneza kwa kovu, inahitaji miezi 9 hadi 12, na wengi huumia tena pale pale. Nitasema astaafu mfupa uleule ukipata ufa mara ya pili. Kwa wanaotoa damu puani, Australia wana sheria: mara ya kwanza anafungiwa miezi mitatu, mara ya pili hakimbii tena maisha yake yote. Naikubali. Moyo unaorudia kutetema kila ukitibiwa, naye ashuke, hata kwa usalama wa anayempanda. Kuingia wa saba hakumo humo.

Kama tajiri anataka kumstaafisha kwa hesabu zake za fedha, ni haki yake na daktari haulizwi. Secretariat mwenyewe hisa zake ziliuzwa kwa dola milioni 6.08 mapema 1973 kwa makubaliano kwamba mwisho wa mwaka ule anaacha mbio, ashinde ashindwe. Ila mwambie tajiri wako kwamba kumpeleka kupandisha hakumwondolei wajibu wa kupima koo. Kupooza kwa zoloto, ambako nako huleta mlio, kuna mkono wa urithi. Wanaoleta majike wao watakuwa wananunua koo lile lile.

Nimesema ugomvi huu nauona kila wiki, na naomba wasomaji wa Nzega, Igunga, Urambo na huko Kasulu wasidhani haya ni mambo ya matajiri wa Ghuba. Punda amebeba maji kutwa nzima, siku moja anagoma kilimani. Mwenye punda anakwenda duka la dawa za mifugo, hataji dalili, anataja dawa: "Nipe deksa," yaani deksamethasoni, nayo ni kotikosteroidi. Anachomwa, kesho anasimama, mkokoteni unafungwa, sifa zinakwenda kwa muuzaji. Wiki ya pili analetwa kwangu akiwa haweki kabisa mguu chini, nikinyanyua kwato nakuta jiwe limeingia, usaha umepanda mpaka juu. Kisu cha kwato, maji ya moto yenye chumvi na bandeji vingemaliza kazi siku ya kwanza. Deksa ilichofanya ni kumpa nguvu ya kulikanyagia lile jiwe siku kumi, na kuukata mwili makali ya kupambana na usaha.

Kwa ng'ombe ni mbaya zaidi. Deksamethasoni ukimpiga ng'ombe mwenye mimba ya miezi ya mwisho, anaitoa. Nimeitwa mara nyingi kwa ng'ombe aliyeharibu mimba, watu wanasema ni jicho baya, na kichupa kiko juu ya kenchi. Fenilibutazoni nayo, ile ya farasi, haitakiwi kwa mnyama ambaye nyama yake italiwa, na ikitumika hovyo hata kwa farasi na punda inatoboa tumbo na kuharibu figo. Anayekuuzia hakwambii hayo, kwa kuwa aghalabu hajui. Chini ya Sheria ya Veterinari Na. 16 ya 2003, mtoa huduma lazima awe amesajiliwa au kuorodheshwa na Baraza la Veterinari. Muombe cheti kabla hajavuta dawa kwenye bomba. Akikasirika, mrudishe alikotoka na sindano yake. Na kama mnyama ameshachomwa kabla hujaniita, usitupe kichupa wala usikifiche: njoo nacho, hata kama ni kitupu, na uniambie saa aliyochomwa, maana tiba yangu itategemea kilichomo humo.