Moduli si kumwaga faili ndani ya faili

Swali: Ninatengeneza lugha ndogo ya programu pamoja na kompaila yake, yaani programu inayogeuza kodi kuwa lugha ya mashine. Nimeongeza neno "leta", linalochukua faili nyingine na kuimwaga pale lilipoandikwa. Programu ikiwa ndogo hakuna tatizo, ila zikifika faili nne au tano majina yanagongana. Nimeweka alama ili faili isiingie mara mbili, lakini bado. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu yangu, umekosea kwenye huko kumwaga. Hiyo alama ni plasta juu ya mfupa uliovunjika. Swali hili nalipata mara kwa mara, na karibu kila mwulizaji ameshaaminishwa na mtu kwamba moduli, yaani kipande cha programu kinachojitegemea, ni faili iliyobandikwa ndani ya nyingine. Sivyo kabisa.

Tuseme una faili mbili, hesabu na ripoti. Kila moja ina fanksheni yake ya ndani iitwayo panga. Moja hupanga namba, nyingine hupanga safu za ukurasa. Aliyeandika ripoti hana habari na panga ya hesabu, wala hapaswi kuwa nayo. Ukizimwaga kwenye sufuria moja, kompaila inakuta panga mbili na haijui ipi ni ya nani. Ndipo watu wanapoanza kuyapa majina mikia kwa mkono: hesabu_panga, ripoti_panga. Kazi hiyo ni ya kompaila. Katika faili ya mashine, kila jina libebe jina la moduli yake. Kwenye kodi, mtu aandike panga tu.

Soma kila faili peke yake. Mistari ya leta ikae juu, uipitie kwanza, uchore nani anamtegemea nani, kisha uanze kukompaili wasiomtegemea yeyote. Ukikuta mzunguko, yaani faili mbili au zaidi zinazotegemeana, kataa na uonyeshe mnyororo mzima wa majina. Lugha ya Go inakataa, nawe fanya hivyo hivyo.

Kila moduli ikishakompailiwa itoe vitu viwili: kodi ya mashine, na faili ya kiolesura yenye majina yanayoruhusiwa kutumika nje, aina zake na ukubwa wake. Anayeleta asome kiolesura tu.

Kwenye ukubwa ndiko nilikoumia mwenyewe. Mahali fulani nilipofanya kazi tulikuwa na muundo wa mfanyakazi, yaani taarifa zake zilizopangwa pamoja kwenye kumbukumbu: namba yake baiti 8, kisha mshahara. Mtu akaongeza sehemu ya tawi katikati, baiti 8 nyingine, mshahara ukasogea hadi baiti ya 16. Moduli ya malipo haikukompailiwa upya kwa sababu faili yake haikuguswa. Ikaendelea kusoma baiti ya 8, yaani ikalipa namba ya tawi kama mshahara. Hakuna kosa lililotokea kwenye skrini. Tulitafuta siku tatu.

Dawa yake ni kuhifadhi namba ya ukaguzi ya kiolesura (inayokokotolewa kutoka yaliyomo, nayo hubadilika yakibadilika) ndani ya faili ya kila anayekitumia, na kuzilinganisha wakati wa kuunganisha moduli kuwa programu moja. Lugha ya OCaml inafanya hivyo: kiolesura kikibadilika na mtumiaji wake akabaki wa zamani, uunganishaji unagoma. Usitegemee saa ya faili, maana kunakili kutoka kwenye flashi kunatosha kuivuruga.

Wanaouza kozi za "moduli kwa mistari kumi" wangeitazama C++ kwanza. Ilirithi amri ya #include kutoka lugha ya C, ambayo ni ubandikaji mtupu, na moduli zikaingia kwenye kiwango cha C++20. Kompaila za GCC, Clang na ya Microsoft kila moja ina faili yake ya kiolesura (.gcm, .pcm na .ifc), wala haisomi ya mwenzake. CMake, zana inayopanga ukompailishaji wa faili nyingi, ilianza kuzihudumia moduli hizo rasmi katika toleo la 3.28, mwishoni mwa 2023. Ilichukua muda huo kwa sababu penye #include faili zinakompailiwa kwa mpangilio wowote, lakini penye moduli lazima mtu azichungulie zote kwanza ajue ipi itangulie. Hao ni wahandisi waliobobea, na kazi iliwachukua miaka.

Basi kabla hujalipia somo au kunakili kompaila ya mtu, muulize jambo moja: muundo ukiongezewa sehemu, moduli inayoutumia itajuaje? Akikwambia ufute kila kitu ukompaili upya, hajatengeneza moduli.