Jibu: Taa ya injini imewaka baada ya kufunga bomba jipya la hewa kwenye pikapu

Habari mkuu. Kwa nilivyokuelewa, umefunga mwenyewe bomba jipya la hewa na filta ya wazi, sasa taa ya injini inawaka, kodi (namba ya hitilafu inayosomwa na mashine) ni P0171 na sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka.

Usikimbilie kununua sensa ya hewa (kile kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini). Kodi hiyo inasema hewa imezidi mafuta, na kwenye kazi kama hii mara nyingi kuna hewa inayopenya baada ya sensa bila kupimwa. Anza na klampu ya upande wa throto (mlango wa hewa wa injini). Ukingo wa chini wa mpira, usioonekana vizuri, ndio huwa haujaingia sawasawa. Legeza klampu, sukuma mpira hadi mwisho, kaza kwa kiasi. Kisha fuata kile kipira chembamba kinachotoka kwenye kava la tapeti (kifuniko cha juu ya injini). Kikichomoka, kodi ni hiyohiyo.

Hapo pakiwa sawa, chomoa sensa uangalie mshale: uelekee injini. Filta ikiwa ya kupakwa oili, vinyaya vya sensa vinaweza kunasa oili. Tumia sprei ya sensa peke yake (ya breki hapana!), wala usiviguse kwa kitambaa.

Ukifuta kodi ikarudi, weka picha ya pale kwenye throto.