Nilitaka kusema tuiache

Swali lenu la wiki lilikuwa: Je, Kenya iendelee kuigharamia kriketi, au fedha hizo ziende kwenye soka na riadha? Nilipolisoma, jibu lilinitoka papo hapo: tuiache. Siudharau mchezo huu. Ni uchungu. Timu iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003 ilikuja kupoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja mwaka 2014. Wakubwa wa mchezo nao wakaubana mlango: mashindano yaliyokuwa na timu 14 mwaka ule tulipong'ara yalibakishwa na timu 10 mwaka 2019 na 2023. Sasa mtoto wa Pangani unamwambia ajitume ili afike wapi?

Lakini ngojeni niwasimulie Jumatatu moja.

Tarehe 24 Februari 2003 nilikuwa darasa la saba, shule isiyo mbali na uwanja wa Gymkhana, Nairobi. Elimu ya bure ilikuwa imeanza Januari ile, tumebanana kwenye madawati, mwalimu hajashika hata majina yetu. Basi sisi watatu tulipochomoka wakati wa chakula cha mchana, hakuna aliyegundua. Kriketi tuliyoijua ilikuwa ya kichochoroni: mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe mweusi wa fundi umeme, gongo la ubao wa kitanda, na debe ndilo wiketi, shabaha ambayo mrushaji huilenga. Ukipiga mpira ukaingia kwa mama wa geti la bluu, umetoka.

Mlinzi aliziona sare zetu, akageuza uso. Tukaketi nyasini karibu na mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa akiandika kila mpira kwa penseli kwenye daftari la hesabu. Alitugawia bhajia bila kutuuliza tumetoka wapi. Kenya ilikuwa imemaliza na mikimbio 210, ndizo pointi za mchezo huu, wiketi 9 zimeanguka, yaani wapigaji tisa wametolewa, na sasa Sri Lanka, waliokuwa mabingwa wa dunia mwaka 1996, walikuwa wakiufukuza mzigo huo. Collins Obuya, mrushaji wetu, akapewa mpira. Sikuelewa kwa nini wakubwa wale walikuwa wakipapasa hewa.

Mzee akatoa chungwa mfukoni. "Tazama, beta," akaniambia, yaani mwanangu. Akalishika kwa vidole vitatu, akakunja mkono hadi kiganja kikamtazama usoni, kisha akazungusha kifundo na kuliachia. Chungwa lilidunda nyasini likienda kwangu, likakata kona likamfuata rafiki yangu. Akarudia mara nne au tano, kila mara akingoja Obuya amalize kurusha ndipo naye arushe. Kisha akanipa mimi. Langu lilienda moja kwa moja kama jiwe. Akanishika kifundo, akakigeuza polepole, mkono wake una harufu ya bizari. La tatu likakata kona.

Obuya aliondoka na wiketi 5, akiruhusu mikimbio 24 tu. Sri Lanka wote walitoka kwa 157, tukashinda kwa 53. Watu waliruka, makondakta na wenye maduka wakikumbatiana, na yule mzee alikuwa amefunga daftari lake akilia kimya. Chungwa aliniachia. Nililirusha ukutani nyumbani hadi likapasuka.

Muhula uliofuata shule yetu ililetewa katoni la magongo na wiketi za plastiki. Tulicheza Ijumaa mbili. Ya tatu tukaambiwa vitaharibika, vikafungiwa stoo nyuma ya magunia ya maharagwe. Nilimaliza darasa la nane nikivichungulia kupitia wavu wa dirisha, vimo ndani ya nailoni yake.

Nimeandika hapa na hasira yangu imehama. Nilianza kwa kulaumu wakubwa wa dunia, na kweli wana lao. Ila Uganda dunia ni hii hii. Kwao mchezo ulishika shuleni, na mwaka 2024 walicheza Kombe la Dunia la T20, kriketi fupi ya ova 20 kila upande (ova ni mipira sita), wakaifunga Papua New Guinea, na Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, akarusha ova 4, akaruhusu mikimbio 4 tu na kuchukua wiketi 2. Ndiyo, West Indies, timu ya visiwa vya Karibiani, iliwatoa wote kwa mikimbio 39. Lakini walikuwepo. Wasichana wa Rwanda chini ya miaka 19 nao waliishinda Zimbabwe mwaka 2023, kisha West Indies. Rwanda! Nchi ambayo mwaka ule wa chungwa langu sikuwahi kuisikia ikitajwa kwenye kriketi.

Kwa hiyo nabadili jibu, japo si lote. Kama fedha mnazozungumzia ni za tiketi za ndege na posho za maofisa, nabaki pale pale: tuiache, hata Kombe la 2027 lililorudishwa kwenye timu 14 lisitutie tamaa. Kama ni za mikeka ya kutandika viwanjani, mipira, na mtu mmoja anayejua kushika kifundo cha mtoto, basi toeni, hata kwa kuimegea soka kidogo. Huenda nakosea kuhusu soka, sina watoto wanaolicheza. Ila vifaa vikinunuliwa, ufunguo wa stoo usikae na mtu mmoja.