Propofoli inayochoma mkono, na nusu chupa iliyobaki

SWALI: Kituoni kwetu Temeke tunatumia propofoli, dawa ya usingizi ya kuchoma mshipani, kwa upasuaji mdogo. Wagonjwa hulalamika mkono unawaka dawa ikiingia. Pia chupa ya ml 20 ikibaki nusu tunaiweka friji, tunampa mgonjwa wa mchana. Kuna ubaya? – Muuguzi wa usingizi

JIBU: Ndugu muuguzi, tuanze na friji, maana hilo la mkono ni dogo. Hiyo nusu imwagwe. Weupe wa propofoli ni mafuta ya soya na lesithini ya yai, na bakteria wakiingia humo hustawi kama kwenye maziwa. Kati ya 1990 na 1993, hospitali 7 za Marekani zilipata wagonjwa walioambukizwa kwenye damu na vidonda baada ya upasuaji. Chanzo kilikuwa propofoli iliyoandaliwa bila usafi. Baridi huchelewesha bakteria tu, haiwaui. Chupa moja, mgonjwa mmoja, basi. Hata kwa mgonjwa huyohuyo, dawa iliyokwisha kufunguliwa ina muda wake, saa 6 hadi 12 kutegemea mtengenezaji. Soma karatasi ya ndani ya boksi. Chupa ambazo hazijafunguliwa zisizidi nyuzi 25, na Februari ya Dar kabati lisilo na kiyoyozi haliwezi kukupa hizo. Zisigande pia. Ukiona mafuta yamejitenga, tupa.

Mkono unawaka zaidi kanula (mrija wa mshipani) ikiwa kwenye mshipa mwembamba wa nyuma ya kiganja. Iweke kwenye mshipa mnene karibu na kiwiko. Funga mpira wa kubana mkono upande wa juu wa kanula, choma lignokaini (dawa ya ganzi) ya 2% isiyo na adrenalini, ml 2, subiri dakika moja, fungua mpira, ndipo propofoli ifuate.

Choma polepole: ml 2 hadi 4 kila sekunde 10, ukimtazama mgonjwa, siyo bomba. Mtu mzima mwenye afya, kilo 60, kwa mg 2 kwa kilo anahitaji mg 120, yaani ml 12 za propofoli ya 1% (mg 10 kwa ml). Mzee, au aliyepoteza maji, mpe mg 1 hadi 1.5 kwa kilo na dripu iwe inatembea, la sivyo presha inaporomoka. Pumzi hukata mara nyingi, kwa hiyo oksijeni, ambubegi (mfuko wa kumpumulisha mgonjwa) na mashine ya kufyonza viwe tayari kabla ya sindano.

Propofoli haitulizi maumivu hata kidogo. Mgonjwa akijikunja kisu kikigusa ngozi, wengi huongeza propofoli mpaka anaacha kupumua, wakati alichokosa ni dawa ya maumivu: fentanili, au ketamini ya mg 0.3 hadi 0.5 kwa kilo.